Kabla ya Kupigwa Picha, Ulizeni Inatafuta Nini



Asubuhi moja walifika hospitalini kwetu vijana wawili, wamemshika baba yao mikono, mmoja kulia na mwingine kushoto. Walitoka mbali na walikuwa wamelala njiani. Yule mkubwa akanisalimu, "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikawaonyesha benchi. Akasema, "Mama, tumemleta mzee. Tunaomba apigwe picha ya mwili mzima. Pesa tunayo, tumeuza ng'ombe."

Nikamwuliza, "Mzee anasumbuliwa na nini?"

Akanijibu, "Mama, si ndiyo tunataka picha itueleze?"

Nikamgeukia mzee mwenyewe, maana hadi hapo hakuna aliyekuwa amemwuliza neno. Akaniambia kwamba kichwa kinamgonga kisogoni kila alfajiri, macho yanaingia ukungu, na akiinuka kwa haraka anashikwa na kizunguzungu. Hali hiyo ilikuwa na miezi mitano. Nikamfunga mashine ya presha mkononi, ikasoma 210 kwa 120. Nikampumzisha, nikarudia, na haikushuka sana. Daktari akampima, akaagiza vipimo vya mkojo na damu, mzee akaanza dawa siku hiyo hiyo. Vijana wakarudi nyumbani na sehemu kubwa ya pesa ya ng'ombe. Lakini hawakuwa na furaha. Pale mlangoni yule mdogo akaninong'oneza, "Kwa hiyo mama, picha hapigwi kabisa?" Alijiona kama mtu aliyekwenda dukani akarudi mikono mitupu.

Hakuna picha inayopima presha. Kama tungeichukua ile pesa na kumpiga mzee picha kuanzia utosini hadi unyayoni, pengine tungemwambia, "Mzee, picha zako ni safi," naye angekwenda nyumbani akapooze kwa kiharusi.

Nimefanya kazi ya uuguzi karibu miaka 30, na nimeyaona mambo haya mengi mno kuyanyamazia. Maoni yangu ni haya: picha ya hospitali ni jibu, na kila jibu lahitaji swali lake. Picha iliyopigwa kwa swali zuri huokoa maisha. Picha iliyopigwa bila swali hula pesa ya familia, na mara nyingine humdhuru mgonjwa mwenyewe.

PICHA HIZI NI ZIPI?

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, profesa wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi inayopenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida haupenyi. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliiita X, kama watoto wetu wanavyoandika katika hesabu kitu kisichojulikana. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa amempiga mkewe picha ya mkono: mifupa yote inaonekana, na pete ya ndoa iko kidoleni. Hiyo ndiyo eksirei. Ni kivuli tu. Mfupa huzuia mionzi, basi huonekana mweupe. Pafu lenye hewa huipitisha, basi huonekana jeusi. Pafu lenye ugonjwa huweka doa jeupe mahali palipopaswa kuwa peusi.

Siti skani ni eksirei inayouzunguka mwili, kisha kompyuta huunganisha vivuli vyote na kuuonyesha mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mashine hiyo ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa kichwa chake mjini London mwaka 1971. Ni msaada mkubwa sana kwa mtu aliyeumia kichwa au aliyepatwa na kiharusi.

Altrasaundi haina mionzi. Hutumia sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Sauti huingia mwilini, hugonga kiungo, hurudi, na mashine huchora picha kwa mwangwi huo. Popo hufanya vivyo hivyo anaporuka gizani bila kugonga ukuta. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya kipimo hiki mwaka 1958, akiwa amejifunza kutoka kwa vyombo vya kiwandani vya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Iko pia emarai, ambayo hutumia sumaku yenye nguvu sana, nayo haina mionzi ya eksirei.

Vyote hivi ni vipimo, wala kupigwa picha si kutibiwa. Nasema hivyo kwa sababu wako wagonjwa wanaoniambia, "Nilipigwa picha nikapata nafuu."

WALE WANAOIOGOPA

Kuna kundi la watu wanaoikimbia eksirei. Wamesikia kwamba inakausha uzazi, kwamba inachoma damu, kwamba ukipigwa mara moja utapata saratani. Ndugu zangu, picha moja ya kifua humpa mtu mionzi kidogo sana, sawa na ile ambayo sote tunaipata kwa siku chache, au siku kumi hivi, kutoka katika ardhi, mawe na anga. Haikaushi uzazi wa mwanamke wala wa mwanamume.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akipika chakula cha kuuza kituo cha mabasi. Alikuwa amekonda, na usiku akitoka jasho, lakini hakuwa na kikohozi cha kutisha wala makohozi ya kututosha kupima. Daktari akamwandikia eksirei ya kifua. Akaogopa, akaondoka na karatasi yake mkononi. Alirudi baada ya miezi minne akiwa amebebwa. Alikuwa na TB mapafu yote mawili. Tukapima na watu wa nyumbani kwake. Mtoto wake wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameambukizwa na ugonjwa umefika kwenye utando wa ubongo. Mama alipona. Mtoto hatukuweza kumwokoa.

Katika tafiti za kitaifa za TB zilizofanyika nchi mbalimbali za Afrika na Asia, karibu nusu ya watu waliokutwa na ugonjwa huo hawakueleza kikohozi wala dalili nyingine. Walipatikana kwa sababu walipigwa eksirei ya kifua, na wale waliotiliwa shaka wakapimwa makohozi. Kwa hiyo kama mtu wa nyumbani mwenu amegunduliwa kuwa na TB na mkaitwa kupimwa, nendeni nyote, hata wasiokohoa. Hapo picha ina swali lake, tena swali zito: je, ugonjwa umeingia pafuni mwa huyu pia?

Siku hizi mtasikia kwamba kompyuta inasoma eksirei. Ni kweli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu hizo zitumike kuwatafuta wagonjwa wa TB wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, hasa mahali ambapo wataalamu wa kusoma picha ni wachache. Lakini kompyuta hiyo kazi yake ni kusema, "Huyu apimwe makohozi." Haijui kama uliugua TB zamani na doa lile ni kovu. Hilo unalijua wewe, na lazima uliseme.

WALE WANAOIPENDA KUPITA KIASI

Kundi la pili ndilo la wale vijana wa ng'ombe. Wanaamini kwamba mashine ikiwa kubwa, ukweli nao ni mkubwa, na kwamba kupima kila kitu hakuna hasara. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Nchini Korea ya Kusini serikali ilianza mwaka 1999 mpango wa kuwapima wananchi saratani mbalimbali. Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu au goita, haikuwamo katika mpango huo. Lakini hospitali nyingi ziliwaambia watu, "Kwa kuwa umekuja, ongeza pesa kidogo tukupige na altrasaundi ya shingo." Watu wakaongeza. Kufikia mwaka 2011 saratani ya tezi iliyokuwa ikigunduliwa nchini humo ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Zaidi ya watu 40,000 walipewa habari hiyo ndani ya mwaka 2011 peke yake.

Mtu angetazamia kwamba vifo vya saratani hiyo vitapungua, kwa kuwa imegunduliwa mapema. Havikupungua. Vilibaki pale pale. Maana yake ni kwamba vivimbe vingi vilivyoonekana vilikuwa vidogo, vimelala tu, ambavyo mwenye navyo angeishi navyo hadi uzeeni na kufa kwa jambo lingine. Lakini mtu akishaambiwa ana saratani shingoni, nani atakaa? Karibu wote walipasuliwa. Wengi walitolewa tezi yote, wakawa watu wa kumeza vidonge kila siku ya maisha yao. Baadhi walipoteza sauti kwa kuumizwa mshipa wa fahamu wa koo. Mwaka 2014 madaktari wa huko huko walijitokeza hadharani wakasema, "Tuache." Mwaka huo huo upasuaji wa tezi ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Hakuna aliyewadanganya watu hao kwa picha za uongo. Picha zilikuwa za kweli, ila swali halikuwapo. Mtu asiye na uvimbe shingoni, asiye na dalili yoyote, alipigwa picha ya jambo ambalo halikuwa likimsumbua.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Mwaka 2011 nchini Marekani yalitangazwa matokeo ya utafiti juu ya watu 53,454 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara kwa miaka mingi. Nusu yao walipigwa siti skani ya mionzi kidogo kila mwaka kwa miaka mitatu, nusu wakapigwa eksirei. Vifo vya saratani ya mapafu katika kundi la siti skani vilipungua kwa asilimia 20. Hiyo ni kazi njema, na ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na swali: je, huyu aliyevuta sigara miaka 30 ana saratani? Hata hivyo, katika kila majibu 100 yaliyotiliwa shaka kwa siti skani, 96 hayakuwa ya saratani. Na sisi ambao makovu ya TB ni mengi vifuani mwetu, naamini shaka zingekuwa nyingi kuliko za wale Wamarekani. Kila shaka ni safari nyingine, nauli nyingine, na usiku wa kukosa usingizi.

USALAMA WA MGONJWA, NA KOSA LANGU

Mionzi ni kama moto wa jikoni. Hupika chakula, na huunguza nyumba. Watu wa kwanza walioitumia hawakujua hilo. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, alifanya kazi na eksirei kwa miaka kadhaa bila kinga yoyote. Mikono yake iliungua, ikaota saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Ndiyo maana leo mtaalamu wa eksirei hujificha nyuma ya ukuta na kuvaa beji inayopima mionzi. Hakuogopi wewe mgonjwa. Wewe unapigwa mara moja, yeye yuko pale kila siku.

Hapa Tanzania mashine hizi haziwekwi kiholela. Ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, yenye kazi ya kuzikagua na kuzitolea leseni. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama mashine atakayowekwa imekaguliwa.

Siti skani si sawa na eksirei ya kawaida. Siti skani moja ya tumbo yaweza kumpa mtu mionzi ya asili ya miaka miwili, mitatu au zaidi kwa mara moja. Kwa mgonjwa anayeihitaji, faida ni kubwa kuliko hatari, na asikatae. Lakini si kitu cha kupigwa kwa kubahatisha, hasa mtoto, ambaye mwili wake unakua na ana miaka mingi mbele yake. Mtoto aliyeanguka akalia, akanyamaza na kuendelea kucheza, mara nyingi huhitaji kuangaliwa kwa makini kuliko kupigwa picha ya kichwa. Ila akizimia, akitapika tena na tena, akilala usingizi usio wa kawaida, akishikwa na degedege, au akitokwa na damu au maji puani au masikioni, mleteni upesi, na daktari akisema siti skani, msibishane naye.

Sasa niseme juu ya wajawazito. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, mama Alice Stewart wa Oxford, alianza kutangaza alichokikuta alipowauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani. Wakati ule wajawazito walikuwa wakipigwa eksirei ya tumbo ili kuona mtoto alivyolala. Yeye aliona kwamba watoto waliopigwa wakiwa tumboni walikufa kwa saratani karibu mara mbili ya wenzao. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwishoni desturi ile ikaachwa, na altrasaundi ikachukua nafasi yake.

Mimi nilifundishwa jambo hilo chuoni, na bado nilikosea. Nilikuwa kijana, mwaka wa pili kazini, katika kituo kingine. Aliletwa binti aliyeolewa karibuni, analalamika maumivu ya nyonga baada ya kuanguka na ndoo ya maji. Nikamwuliza kama ana mimba. Lakini nilimwuliza mbele ya baba mkwe wake, tena kwa sauti, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Yule binti akainamisha macho, akasema hapana. Nikamwandikia namba, akapigwa eksirei ya nyonga. Wiki tatu baadaye alikuja kliniki ya wajawazito, na kwa hesabu yake siku ile alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Daktari alimweleza, na leo nami nawaeleza ninyi: picha moja ya kawaida iliyopigwa bila kujua humpa mtoto mionzi kidogo, na hatari yake ni ndogo. Si sababu ya kutoa mimba, na yeyote atakayewaambia hivyo anawapotosha. Mtoto yule alizaliwa mzima, akakua. Lakini kwa miezi saba nilikuwa nikimwona yule binti kliniki na moyo wangu haukutulia. Yeye hakuwa amesema uongo. Mimi ndiye niliyemwuliza mahali asipoweza kusema kweli. Tangu hapo huwa natoka naye mgonjwa pembeni, namwuliza siku ya mwisho ya hedhi, nami nasubiri jibu. Akina baba na akina mama wakwe, mkiombwa kutoka nje, msikasirike.

TUKISHAONA, TUTAFANYA NINI?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apigwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane vizuri, na mapacha au kasoro zionekane mapema. Naunga mkono. Lakini altrasaundi imegeuka kwa wengine kuwa jambo la kujua tu kama ni wa kike au wa kiume, na wako wanaoipigwa mara nne huku hawajapimwa damu, presha wala mkojo hata mara moja.

Ulifanyika utafiti mkubwa vijijini katika nchi tano: Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Maeneo mengine yalipewa mashine za altrasaundi, wauguzi na wakunga wakafundishwa kuzitumia. Mengine yakaendelea kama kawaida. Matumaini yalikuwa kwamba vifo vya akina mama na watoto wachanga vitapungua. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, havikuwa vimepungua. Mimi sikushangaa. Picha yaweza kuonyesha kwamba kondo la nyuma limekaa mlangoni, lakini picha haimfikishi mama hospitali ya wilaya, haimpasui, wala haimwongezei damu. Anayeona hatari anahitaji pia gari, chumba cha upasuaji na ndugu walio tayari kutoa damu. Jumuiya inayochanga pesa ya altrasaundi ichange na nauli ya siku ya kujifungua.

Kwa upande mwingine, mikono yetu ina thamani kuliko tunavyodhani. Mjini Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 ulihusisha wanawake zaidi ya 150,000. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono, mara moja kila miaka miwili, kwa mizunguko minne, na wahudumu wa kike waliofundishwa kazi hiyo, wala hawakuwa madaktari. Hapakuwa na picha yoyote ya kuanzia. Baada ya kufuatiliwa kwa miaka 20, matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Saratani katika kundi lile iligunduliwa ikiwa changa zaidi, na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vya saratani ya matiti vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo havikupungua. Basi, mama, usiseme, "Kwetu hakuna mashine ya kupiga picha matiti, kwa hiyo hakuna la kufanya." Ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, njoo upimwe kwa mikono wiki hiyo hiyo. Picha itafuata, nayo itakuwa na swali.

NASI WATUMISHI TUNA LAWAMA

Nisiwalaumu wagonjwa peke yao. Wako watumishi wa afya wanaoandika picha kwa sababu ni haraka kuliko kumvua mgonjwa shati na kumsikiliza. Wako wenye mashine zilizonunuliwa kwa mkopo, na kila mgonjwa anayepita mlangoni wanamwona kama sehemu ya rejesho. Na sisi wauguzi tuliokaa mapokezi tunajua, tunanyamaza. Huo si uaminifu kwa mtu aliyeuza ng'ombe.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Ukiandikiwa picha, uliza kwa upole, tena bila kuona haya:

La kwanza: "Daktari, picha hii inatafuta nini?" Mtaalamu mzuri atakujibu kwa sentensi moja au mbili. Atasema, kwa mfano, "Natazama kama mfupa umevunjika," au "Natazama kama kuna maji kwenye pafu." Akikosa jibu, muombe akupime kwanza.

La pili: "Tukikikuta tutafanya nini, na tusipokikuta tutafanya nini?" Kama matibabu ni yale yale kwa vyovyote vile, pengine picha inaweza kungoja.

La tatu: "Je, hii ya zamani haitoshi?" Swali hili linakutaka uwe umeitunza hiyo ya zamani. Aliwahi kuja kwetu mwanamume mwenye doa juu ya pafu la kulia. Alikuwa amekwisha kunywa dawa za TB mara mbili kwa ajili ya doa hilo, vituo viwili tofauti, na sasa alikuwa karibu kuanza mara ya tatu. Makohozi yake hayakuwa na kitu. Tukamtuma mkewe nyumbani, akaleta filamu ya miaka sita nyuma, iliyokuwa imehifadhiwa juu ya kabati. Tukaziweka pamoja kwenye mwanga: doa ni lile lile, umbo lile lile, ukubwa ule ule. Lilikuwa kovu. Filamu hiyo ya zamani ilimwokoa na miezi sita ya vidonge asivyovihitaji.

Kwa hiyo tunzeni picha zenu. Filamu iwekwe mahali pakavu, isikunjwe, wala watoto wasiichezee. Ukipewa kwenye sidii, andika juu yake jina na tarehe. Picha uliyoipiga kwa simu si sawa na yenyewe, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa. Na kila mara chukua karatasi ya majibu iliyoandikwa na msomaji wa picha, kwa sababu bila hiyo mwenzake ataanza upya.

Mwisho, mseme kweli: kama una mimba au unaihisi, kama umepigwa picha mwezi uliopita mahali pengine, kama umewahi kuugua TB, kama una chuma mwilini na unakwenda emarai. Anayemshika mtoto wakati wa eksirei avae aproni ya risasi, na asiwe mjamzito.

Yule mzee wa ng'ombe bado anakuja kila mwezi kuchukua dawa zake. Presha yake imetulia. Safari iliyopita alikuja peke yake, bila kushikwa mikono. Alipofika kwangu alikunja shati mwenyewe, akanyoosha mkono juu ya meza, akasema, "Mama, nipime, kisha uniambie ulichokiona." Hivyo ndivyo ningependa kila mmoja wetu aje hospitalini.